Jarife na Pomboo: Shajara ya Mradi, Likoni hadi Mtwapa

Desemba. Kaskazi imeshika

Mradi huu unafanya kazi kwenye bandari ndogo za wavuvi mbele ya mji wa Mombasa: Timbwani na Likoni upande wa kusini, kisha Nyali, Bamburi, Shanzu, hadi mlango wa Mtwapa. Sisi ni wakaazi. Kuna wazee walioacha bahari kwa sababu ya mgongo, vijana wa kamati za usimamizi wa fukwe, zile zinazoitwa BMU, mwalimu mmoja wa sayansi, na mimi ninayeshika kalamu. Kazi tuliyojipa ni kupunguza vifo vya pomboo ndani ya nyavu za jarife, na kufanya hivyo pamoja na wavuvi wenyewe, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayekuwa baharini saa tisa za usiku.

Pomboo anayetutia wasiwasi zaidi ni yule mwenye nundu mgongoni, chini ya pezi. Wanasayansi humwita Sousa plumbea, na tangu 2017 yumo kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Anaishi pwani za Bahari ya Hindi kuanzia Afrika Kusini, anapanda na pwani yetu, anapita Uarabuni na Ghuba, hadi India. Ukimtaja hivyo mtu hudhani wako wengi. Lakini wote kwa pamoja wanakadiriwa hawafiki 10,000, na wanaishi kwa makundi madogo yaliyotawanyika. Jike huchukua miaka kama 10 kabla ya kuzaa, huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kama 3 ndipo azae tena. Kundi dogo likipoteza majike mawili kwa msimu mmoja, pengo lake halizibiki kwa haraka.

Tena pomboo huyu hapendi kilindi. Maji yake ni ya chini ya mita 30, karibu na mwamba, kwenye milango ya mwamba na midomo ya mikono ya bahari. Sasa angalieni pwani ya Mombasa ilivyo: ukivuka mwamba, bahari inashuka kina upesi. Ukanda wa maji mafupi ni mwembamba, na ukanda huohuo ndio una nyavu, boti za watalii, meli zinazoingia Kilindini na wavuvi wa mshipi. Hana mahali pengine pa kuhamia.

Wapo pomboo wengine pia. Yule mwenye mdomo mfupi mnene, ambaye mabasi ya hoteli hupeleka wageni hadi Shimoni wakamtazame kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, huonekana hapa kwetu mara kwa mara. Nje zaidi ya mwamba kuna wale wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani. Wote hawa jarife huwapata.

Januari, mwanzoni

Tumezunguka mabandani kuuliza jinsi jarife linavyotegwa. Naandika kwa urefu, maana nimeona watu wengi wa mjini wanaolaani nyavu bila kujua nyavu zenyewe.

Jarife ni wavu wa nailoni wenye macho makubwa, wa kunasa papa, taa, nguru na jodari. Mapande huunganishwa moja kwa jingine mpaka upate ukuta mrefu ndani ya maji. Kuna jarife la kuelea, ambalo kamba yake ya juu iko usoni pa maji na chombo hufungwa mwisho wake, kikakokotwa pamoja nalo na mkondo usiku kucha. Na kuna la kulaza chini, lenye risasi (vipande vizito vya kuzamishia wavu) na nanga, ambalo mvuvi hulitega magharibi akarudi nyumbani, akalitoa alfajiri. Yote mawili hufanya kazi vizuri zaidi giza la mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka samaki huuona wavu.

Pomboo hutafuta njia kwa sauti. Hutoa mlio, mlio ukigonga kitu unamrudia, naye anajua kitu kile ni nini na kiko umbali gani. Uzi wa nailoni ulioloa maji humrudishia mwangwi hafifu mno. Akiwa anafukuza samaki, au akiwafuata wale walionaswa tayari, huenda asiutambue wavu mpaka umfikie mwilini. Akishashikwa pezi au mkia hujisokota, na kila anapojisokota uzi unazidi kumbana. Yeye hupumua hewa kama mimi na wewe. Asipofika usoni pa maji kwa dakika chache, pumzi inamwishia.

Hapo ndipo tofauti yake na kasa inapokuja, na ni tofauti kubwa kwa kazi yetu. Kule Watamu kuna mpango wa miaka mingi ambapo mvuvi akimpata kasa wavuni hupiga simu, watu wa uhifadhi wanakuja kumchukua, wanamtibu au kumrudisha baharini, na mvuvi anafidiwa kidogo kwa muda wake. Mpango huo umeokoa kasa wengi mno, na wengi walitushauri tuuige. Lakini kasa huweza kuvumilia wavuni muda mrefu kuliko pomboo. Simu ya pomboo ikipigwa alfajiri, ni simu ya maiti. Kwa hiyo kwetu sisi kumwokoa baada ya kunaswa si mpango wa kutegemea. Kazi yote iko kabla ya wavu kulala majini: unatuliwa wapi, kina gani, saa ngapi, na nani yuko karibu nao.

Januari, katikati

Nimekaa na nahodha mmoja wa Bamburi, mtu wa umri wa baba yangu, akinywa kahawa baada ya kushusha samaki. Nikamwamkia, nikamuuliza moja kwa moja kama amewahi kupata pomboo.

"Mwanangu," akaniambia, "hakuna nahodha wa jarife ambaye hajampata. Atakayekwambia hajampata, huyo hajui kutega au hajui kusema kweli."

Nikamuuliza kwa nini basi kwenye daftari la bandari hakuna hata mmoja.

"Kwa sababu nikimleta pwani nitaulizwa na watu wenye sare. Nina jodari chomboni, barafu inayeyuka, mnunuzi anasubiri. Nikikata wavu nikamwacha aende chini, nimepoteza kipande tu. Na kipande hicho nitakilipa mimi, si wewe."

Sikuwa na la kumjibu, nikaandika tu. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, kukutwa na mnyama wa porini au kiungo chake bila kibali ni kosa, na adhabu zake ni nzito. Naiunga mkono sheria hiyo. Bila ya hiyo pomboo wangekuwa wanauzwa minofu au kufanywa chambo, kama ilivyokuwa Kizimkazi kule Unguja hadi miaka ya 1990, ambako wavuvi waliwavua kwa ajili ya chambo cha papa kabla kijiji hakijageukia utalii wa kuwatazama. Ila matokeo yake hapa ni kwamba mvuvi ambaye hakumkusudia pomboo, na ambaye moyo umemuuma kumkuta, ana kila sababu ya kunyamaza. Tukinyamaziwa, hatujui wanakufa wapi wala msimu gani. Nimeshawishika kwamba ukimya huu unawaua pomboo sawa na uzi wa nailoni.

Januari, mwishoni

Maiti imetupwa na maji kwenye mchanga wa Shanzu. Kijana wa BMU alipiga simu mapema, maofisa wa wanyamapori wakaja, na mtafiti mmoja akakubali kutufundisha kusoma mwili. Ni pomboo mwenye nundu, jike.

Tuliyoonyeshwa: mistari myembamba iliyokata ngozi kwenye ukingo wa pezi la mbele na kuzunguka mdomo, sambamba, kwa nafasi sawa. Hiyo ni alama ya wavu. Mkia ulikuwa umekatwa, na ukingo wa kidonda umenyooka. Papa hutafuna, huacha ukingo wa nusu duara wenye meno meno. Ukingo ulionyooka ni kisu. Mtu alikuwa anautoa mwili wavuni haraka na mkia ukawa umesokotana mno na uzi. Tumboni alikuwa na samaki ambao hawajasagika, kwa maana alikuwa mzima, akila, muda mfupi kabla ya kufa. Mtafiti alipofungua mapafu alitwambia tusimame upande wa upepo, akatuonyesha povu lenye damu.

Vijana walikuwa wamekuja na simu za kupiga picha, na baada ya dakika chache simu zote zilikuwa zimerudi mifukoni. Mmoja aliuliza kama alikuwa na mimba. Hakuwa nayo. Nilishukuru kwa hilo, nikaona pia kwamba shukrani ile ilikuwa ndogo sana.

Februari, mwanzoni. Kwa fundi wa nyavu

Wazo hili limetoka kwa mama karanga mmoja wa Likoni, yaani mama mkaanga samaki, na naliandika kwa jina la kazi yake kwa sababu yeye mwenyewe hataki litajwe lingine. Tulikuwa tunalalamika mbele yake kwamba manahodha hawasemi. Akaacha kugeuza samaki karaini, akasema: "Mnauliza manahodha wa nini? Waulizeni wanaoshona."

Kila bandari ina fundi wa nyavu au wawili. Wavu ukirudi umeraruka, unapelekwa kwake, anauning'iniza kwenye mti, anapita tundu baada ya tundu. Fundi mwenye uzoefu hujua kilichopita hapo. Papa mkubwa huacha tundu lililochanikachanika, nyuzi zimevutwa na vifundo vimelegea pande zote. Matumbawe huacha mkwaruzo mrefu upande wa risasi. Na tundu la kisu linajulikana: nyuzi zimekatwa sawia, mara nyingi kwa umbo la duara kubwa, kwa sababu mkataji alikuwa anazunguka mwili.

Si kila tundu la kisu ni pomboo. Huweza kuwa taa mkubwa, kasa, hata gogo. Ila fundi akiunganisha ukubwa wa tundu, urefu wake kutoka kamba ya juu, na yale yanayosemwa wakati wa kushona, anakuwa karibu na ukweli kuliko daftari lolote tulilonalo. Tumekubaliana na mafundi kwamba watatuwekea alama kwenye kalenda ya ukutani: tundu la kisu, juu au chini, na eneo la bahari wavu ulikotoka. Jina la chombo halitaandikwa, wala sisi hatutaliuliza. Hili la mwisho tumelirudia mbele ya kila fundi mpaka wakaridhika. Siku tutakayoitumia kalenda ile kumkamatisha mtu, mradi umekwisha.

Februari, katikati. Kushusha wavu

Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliokadiria kwamba nyavu za jodari za aina hii katika Bahari ya Hindi nzima zimeua pomboo na jamaa zao wadogo wapatao milioni 4.1 kati ya 1950 na 2018. Nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta. Sehemu kubwa inatoka kwenye nyavu ndefu za nchi zenye meli kubwa za jarife, wala si mashua za Mombasa. Hata hivyo bahari ni moja.

Habari njema imetoka Pakistan. Manahodha wa huko walishusha kamba ya juu ya jarife mita 2 chini ya uso wa maji badala ya kuiacha usoni. Vifo vya pomboo vilipungua kwa zaidi ya robo tatu, na mavuno ya jodari yalishuka kidogo tu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ikaandika kwenye azimio lake la 2019 kwamba nyavu za namna hii zitegwe mita 2 chini kufikia 2023. Na kuanzia 2022, jarife lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.5 limepigwa marufuku eneo lote la tume hiyo. Kwenye mabanda yetu nilipouliza, nahodha mmoja tu ndiye aliyekuwa amesikia habari ya mita 2, naye alisikia kwa baharia wa meli ya kigeni. Maazimio hupitishwa kwenye kumbi, na njia ya kutoka ukumbini hadi bandani ni ndefu kuliko inavyopaswa.

Kwa hiyo tumejaribu. Jinsi ya kufanya: chelezo, yaani maboya ya wavu, hubaki usoni, lakini badala ya kufungwa kwenye kamba ya juu moja kwa moja, kila chelezo hupewa kamba ya kuning'inia yenye urefu wa mita 2. Tunatumia madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kama maboya ya kuongezea. Risasi zinaongezwa kidogo ili wavu usipande juu. Gharama ni kamba, siku moja ya fundi, na uvumilivu.

Manahodha waliokubali ni wachache, na wawili kati yao ni jamaa wa wanakikundi, nalisema hili ili msomaji apime. Maoni yao baada ya giza la kwanza la mwezi: kamba za kuning'inia husokotana maji yakiwa makali, hasa siku za bamvua. Jodari wamepatikana kama kawaida. Nguru wamepungua, kwa kuwa nguru hupita juu. Na nguru ndiye mwenye bei. Tajiri mwenye mojawapo ya nyavu hizo alikuja mwenyewe bandani kuuliza nguru wake wako wapi. Ni haki yake: mapato yanapogawanywa, baada ya kutoa mafuta na barafu, fungu la chombo na wavu ni lake, na wavu mpya si bei ya mchezo.

Hakuna pomboo aliyenaswa kwenye nyavu zilizoshushwa. Siandiki hapa kwamba tumefaulu. Kunaswa kwa pomboo ni jambo linalotokea mara chache kwa wavu mmoja, na ukiwa na nyavu chache kwa muda mfupi, kukosa maiti hakuthibitishi lolote. Tunahitaji nyavu nyingi na misimu kadhaa.

Februari, mwishoni

Mwalimu wetu ameuliza swali lililotukalisha hadi usiku. Kushusha jarife la kuelea kunawasaidia pomboo wa nje ya mwamba. Lakini yule mwenye nundu haogelei huko. Yeye yuko maji mafupi, na kinachomuua ni jarife la kulaza chini, ambalo tayari liko chini. Mita 2 hazimsaidii.

Swali ni la haki kabisa. Tumerudi kwenye kalenda za mafundi. Alama za tundu la kisu upande wa chini zinatoka sehemu zilezile: mlango wa Mtwapa, milango ya mwamba mbele ya Nyali, na maji ya nje ya Shelly, kusini ya Likoni. Wazee hawakushangaa. Maji yakipwa, samaki wa mkono wa bahari hutoka na mkondo kupitia mlango, na pomboo huwangojea pale. Mvuvi naye hutega pale kwa sababu hiyohiyo.

Tulifikiria vile vifaa vidogo vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye wavu ili pomboo ajue kuna kitu mbele yake. Zanzibar vimefanyiwa majaribio. Vina betri, vinagharimu fedha nyingi kwa kila wavu, na mlangoni penyewe vingeweza kumfukuza pomboo kutoka mahali anapopata chakula chake. Kwa mvuvi wa mashua ya tanga si jibu. Jibu letu, kwa sasa, ni kwamba milango ile isiwe na wavu wa kulala bila mtu usiku. Anayetaka kutega atege na kukaa nao, autoe kabla ya maji kugeuka.

Machi

Ramadhani. Mikutano imesimama, na ni sawa. Tumegawa kamba kwa manahodha wengine watatu waliotufuata baada ya tarawehe, bila ya sisi kuwaendea.

Aprili hadi Juni. Kusi

Bahari imechafuka, vyombo vidogo vimebaki ndani ya mwamba na kwenye mikono ya bahari, Tudor na Port Reitz. Jarife limetundikwa. Kilichopo sasa ni juya la kukokota na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, vitu vilivyopigwa marufuku nchini lakini ambavyo njaa ya kusi huvirudisha. Juya haliui pomboo wengi, ila linakokota vitoto vya samaki na kung'oa nyasi za baharini, na pomboo mwenye nundu anakula samaki wa humo humo. Tumewaachia BMU na maofisa wa uvuvi suala hilo. Kikundi kidogo kikishika kila kitu hakimalizi kimoja.

Nimetumia miezi hii kusoma. Februari 2023 Tume ya Jodari ilifanya kikao chake maalumu hapahapa Mombasa, na hoja iliyowaka ilikuwa maboya yanayoelea ya kukusanyia samaki, yanayotumiwa na meli kubwa za kigeni. Kenya ndiyo iliyokuwa imeandaa pendekezo la kuyabana, ingawa baadaye ililiondoa. Nchi inayoweza kupendekeza meli za Ulaya zibanwe inaweza pia kusimamia jarife mbele ya mlango wake yenyewe. Hilo nililisema kwenye kikao cha BMU cha Nyali na likapigiwa makofi, lakini makofi hayanunui kamba.

Julai, Agosti

Nyangumi wenye nundu wamefika kutoka maji baridi ya kusini. Hoteli zinapeleka boti nje, picha zimejaa kwenye simu za watu, kila mtu anazungumzia bahari. Tumeutumia msimu huu kuwaomba waendesha boti watupigie picha mapezi ya pomboo wanaokutana nao. Pezi la mgongoni lina mikato na makovu yake, na hayafanani kati ya pomboo wawili. Ndivyo watafiti wa Kisite-Mpunguti walivyoweza kuwatambua pomboo mmoja mmoja kwa miaka. Nasi tumeanza albamu yetu. Mmoja ana pezi lililokatika ncha, na chini yake mstari mweupe wa kovu ulionyooka: huyo alishashikwa na wavu akatoka.

Waendesha boti tumewaomba pia wasiwafukuze, wasiwakate njia, na wazime injini wakiwa na mama na mtoto. Wengi wanakubali. Wachache hawakubali, kwa kuwa wanajua kwamba mgeni hutoa bakshishi zaidi akiwa karibu zaidi.

Septemba. Kikao cha pamoja

Bandari zote zimekutana chini ya kanuni za BMU, ambazo zinaziruhusu kamati hizi kupendekeza sheria ndogo kwa eneo lao. Kikao kilianza asubuhi na kikavuka adhuhuri. Yaliyokubaliwa ni haya: jarife la kulaza halitaachwa bila mtu usiku kwenye milango ya mwamba tuliyoitaja. Kalenda za mafundi zitaendelea bila majina. Na mvuvi atakayekata wavu wake kumwachia pomboo aliye hai atalipwa uzi na kazi ya fundi, si fedha taslimu. Kwa maiti halipwi mtu chochote zaidi ya gharama ya simu. Tumelijadili sana hili la mwisho. Ukilipa kwa maiti, hata kidogo, umeshaweka bei juu ya pomboo, na bei huita mnunuzi.

Bandari moja imekataa kutia saini. Nilikwenda kuwasikiliza nikiwa na hasira, nikarudi bila hasira. Mwenyekiti wao alisema: "Sisi tutatoa nyavu zetu mlangoni. Kaskazi ikirudi, watakuja wavuvi wa dago na vyombo vyao vikubwa, watatega palepale, nao hawakuwamo kikaoni. Sasa tumewahifadhia pomboo, au tumewahifadhia wageni samaki?" Wavuvi wa dago ni wale wanaohama na msimu, wakapiga kambi ufukoni miezi michache. Hana kosa. Makubaliano yasiyomfunga mgeni humwadhibu mwenyeji.

Oktoba. Kabla ya kaskazi

Tumegawana kazi. Wazee wawili wanasafiri kwenda kuonana na manahodha wa dago kwao, kabla hawajang'oa nanga, kwa sababu mtu husikiliza vizuri zaidi akiwa nyumbani kwake kuliko akiwa ameshatega. Wanakwenda na wavu mmoja ulioshushwa ili wauonyeshe. Mwalimu anaendelea na albamu ya mapezi. Mama karanga wa Likoni ameingia kwenye kamati, na ameomba mafundi wa bandari iliyokataa nao wapewe kalenda, kwani kukataa kwa mwenyekiti hakuwazuii kuhesabu matundu. Wamekubali.

Mimi naandika barua kwa mamlaka za wanyamapori na uvuvi. Tunaomba utaratibu ulioandikwa: mvuvi atakayeripoti pomboo aliyekufa wavuni bila kukusudiwa, ndani ya muda uliowekwa, achukuliwe maelezo kama shahidi na chombo chake kisizuiwe, ili mwili ufike kwa mtafiti ukiwa bado unasomeka. Aliyevua kwa kukusudia, au aliyeuza nyama, sheria imfuate ilivyo. Nahodha wa Bamburi, yule wa kahawa, nilimsomea rasimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nibadilishe sehemu moja: muda wa kuripoti uhesabiwe tangu chombo kigonge mchanga, kwa sababu nje ya mwamba simu haishiki. Nimebadilisha. Ameahidi kutia kidole gumba chake chini ya barua, na manahodha wengine sita wa jarife wamesema wakimwona yeye ametia, nao watatia. Inapelekwa Jumatatu.